Mchoro wa muhuri wa raba: ugeuzwe au usigeuzwe kabla ya kunakiliwa?

Mfungashaji wa Mikindani aliuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu wote habari za kazi.

Sisi ni wanawake sita wa hapa Mikindani tunaobangua na kukaanga korosho, tukazifungasha katika mifuko ya kaki ya robo kilo na nusu kilo na kuziuza sokoni na stendi. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, wateja wetu wameizoea karatasi, lakini mfuko wa kaki usio na alama haumwambii mnunuzi korosho zimetoka mikononi mwa nani. Kuchapishiwa mifuko kiwandani kumetushinda, kwa sababu kiasi cha chini wanachokubali kuchapa kinazidi mifuko tunayoitumia msimu mzima. Kwa hiyo niliamua kuchonga muhuri mwenyewe kwa wembe, juu ya raba kubwa ya kufutia, kwa mchoro wa bibo lenye korosho inayoning'inia chini yake na neno MIKINDANI chini kabisa.

Kabla ya kuanza niliambiwa kwamba mchoro wa muhuri ni lazima ugeuzwe, kwa kuwa muhuri huchapa kinyume. Nikachora kwenye karatasi nyepesi inayoonyesha upande wa pili, nikaibandika kwenye kioo cha dirisha uso wake ukitazama nje, nikafuatisha mistari yote kwa nyuma kwa penseli laini, hata neno likasomeka kinyume. Kisha nikaulaza upande huo kifudifudi juu ya raba na kusugua mgongo wa karatasi kwa kijiko. Nilipoiinua karatasi, mchoro ulikuwa umehamia wote, na neno MIKINDANI lilisomeka sawasawa juu ya raba, jambo lililonipa moyo wa kuendelea. Nilichonga kwa jioni tatu. Nilipopiga muhuri kwa mara ya kwanza, karatasi iliniandikia INADNIKIM, na herufi K, D na N zikitazama kusikotakiwa.

Ninaomba kueleweshwa mambo mawili. La kwanza, niligeuza kama nilivyoelekezwa. Kosa langu liko wapi? La pili, kila nilipochonga, kiganja changu kilifuta penseli, hivi kwamba jioni ya tatu nilikuwa nikikisia mistari. Je, kuna namna ya kuufanya mchoro udumu juu ya raba mpaka kazi iishe?

Mwalimu wa sanaa, Masasi alijibu:

Dada, pole kwa jioni hizo tatu. Ushauri uliopewa ulikuwa na ukweli, ila ulikuwa nusu. Kinachotakiwa kuwa kinyume ni mchoro ulioko juu ya raba, si mchoro ulioko kwenye karatasi yako, na hivi ni vitu viwili tofauti kwa sababu baadhi ya njia za kunakili hugeuza mchoro zenyewe na nyingine haziugeuzi. Wewe uligeuza mara moja dirishani, halafu karatasi ilipolala kifudifudi ikageuza mara ya pili, na mageuzo mawili hurudisha kitu kilipokuwa. Ndiyo maana neno lilisomeka vizuri juu ya raba. Neno linaposomeka vizuri juu ya raba, hapo ndipo pa kusimama na kufuta, kwani muhuri wake hautasomeka.

Njia ya penseli na karatasi angavu, yaani hiyo nyepesi inayoonyesha upande wa pili, ndiyo ninayowafundisha wanafunzi wangu, na haihitaji dirisha. Chora mchoro wako ulivyo, usomeke kawaida, kwa penseli laini ya 2B. Laza upande uliochorwa kifudifudi juu ya raba, ushikilie kwa utepe wa gundi pembeni ili usihame hata kidogo, kisha sugua mgongo wake kwa kijiko au ukucha, ukienda upande mmoja badala ya kuzungusha, maana kuzungusha huivuta karatasi na mistari ikatoka miwili miwili. Inua pembe moja tu kwanza uangalie. Kama sehemu fulani haijahamia, irudishe karatasi ilipokuwa na usugue hapo. Mchoro utakaoachwa juu ya raba utakuwa kinyume, na chapa itakuwa sawa.

Karatasi ya kaboni ni tofauti kabisa, na wengi hukosea hapo. Ukiweka kaboni juu ya raba, na mchoro wako ukiwa chali juu ya kaboni, kila mstari unaoukandamiza unashuka moja kwa moja bila kugeuka, kwa hiyo raba itapata mchoro unaosomeka na muhuri utachapa kinyume. Hapo ndipo kazi ya dirishani inapohitajika: geuza karatasi, fuatisha kwa nyuma, halafu weka upande huo wa nyuma juu wakati wa kukandamiza kwenye kaboni. Nadhani aliyekushauri alizoea kaboni, na hakujua kwamba wewe ungetumia kusugua.

Usitegemee kumbukumbu hata ukiwa na uzoefu wa miaka. Kabla ya kukata chochote, ishike raba mbele ya kioo cha kujitazamia. Ikisomeka ndani ya kioo, chonga. Isiposomeka, osha raba kwa sabuni uanze upya, kwa kuwa penseli hutoka kwa dakika moja lakini raba iliyokatwa hairudi.

Ongeza uangalifu kwa neno lako hasa. Kati ya herufi tisa za MIKINDANI, tano hazibadiliki umbo zikigeuzwa, yaani M, A na zile I tatu, nazo zinaweza kukufanya uamini kwamba kila kitu kiko sawa. Zinazobadilika ni K, D na N mbili, na katika hizo N ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu N iliyogeuzwa bado hufanana na N machoni pa mtu mwenye haraka. Juu ya raba, mstari wake wa mshazari unapaswa kuanzia chini kushoto na kupanda juu kulia. Ndugu zetu wanaoandika MTWARA wana mtihani mkubwa zaidi, kwani herufi moja tu, R, ndiyo inayogeuka umbo, na mpangilio wa herufi ndio pekee unaokuonya kuhusu zile nyingine.

Kuhusu penseli kufutika: osha raba mpya kwa sabuni na uikaushe kabla ya kunakili, kwa sababu huwa na unga na mafuta ya mikono yanayozuia risasi ya penseli kushika. Ukishanakili, pitia mistari kwa kalamu ya wino usiofutika yenye ncha nyembamba, uache ikauke, ndipo uanze kuchonga huku umeweka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja. Mimi hupaka raba nzima rangi hafifu kabla ya kunakili, hata wino mwekundu uliozimuliwa kwa maji unafaa, ili kila ninapokata paonekane peupe na ambapo sijakata pabaki pekundu. Katika miezi hii ya mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, karatasi angavu hunywa unyevu wa hewa na jasho la mikono ikajikunja. Ihifadhi ndani ya daftari zito hadi wakati wa kuitumia. Wapo wanaopaka karatasi ya kawaida mafuta ya kupikia ili ionyeshe upande wa pili. Inaonyesha kweli, lakini mafuta huhamia kwenye raba na penseli haishiki tena.

Fundi wa mihuri, Lindi mjini alijibu:

Mwalimu ameeleza vizuri kuhusu mageuzo, nami nakubaliana naye. Ninataka kuongeza njia ninayoitumia mimi kwa maneno, kwa sababu herufi zilizochorwa kwa mkono na mtu asiyezizoea huwa hazilingani urefu, na kwenye mfuko wa bidhaa kasoro hiyo huonekana haraka.

Andika neno lako kwenye kompyuta, au lichore kwa wino mweusi sana, kisha lipeleke likatolewe fotokopi. Unga mweusi wa mashine ya fotokopi, tunaouita tona, ni plastiki iliyosagwa ambayo joto la mashine huiyeyusha ikashika karatasi; asetoni huilainisha tena ikakubali kuhamia mahali pengine. Laza fotokopi kifudifudi juu ya raba, lowesha pamba kidogo kwa asetoni, pitisha juu ya mgongo wa karatasi mara moja, kandamiza kwa kijiko kwa sekunde chache, kisha inua. Ikiwa pamba inachuruzika umezidisha, na tona itasambaa kama wino juu ya karatasi ya chooni. Usimwombe mwenye mashine akugeuzie maandishi, kwa kuwa karatasi hapa pia inalala kifudifudi na kugeuza yenyewe. Printa zinazorusha wino wa maji hazifai kwa njia hii, kwani wino wao hautokani na plastiki, nao utachafuka tu.

Sasa tahadhari, na hizi nimezilipia. Raba nyingi nyeupe za kufutia si mpira bali ni plastiki laini, na asetoni huzilainisha zikawa na utando unaonata ambao hauchongeki vizuri. Jaribu kwanza kwenye pembe ya nyuma, subiri, kisha bonyeza kwa ukucha. Dawa nyingine za kufuta rangi ya kucha hazina asetoni kabisa, kwa hiyo soma chupa. Jambo kubwa zaidi kwenu mnaokaanga korosho ni kwamba asetoni hushika moto upesi sana, na mvuke wake husafiri. Fanyeni kazi hii nje au penye dirisha wazi, mbali na jiko, siku ambayo hamkaangi.

Kwa muhuri wa ukubwa wa mfuko wa nusu kilo ningeachana na raba ya kufutia, nikaomba kwa fundi viatu kipande cha mpira wa soli ulio laini na usio na michirizi. Usugue kwa msasa mwembamba hadi uwe bapa, uoshe, kisha uugandishe kwenye kibao kabla ya kunakili mchoro. Ukinakili kwanza na kugandisha baadaye, mpira hunyooka mkononi na mchoro ukapinda.

Naongeza neno moja kwa kila anayesoma hapa. Njia ya fotokopi inaweza kunakili chochote, na huletewa karatasi zenye mihuri ya ofisi nikiombwa niitoe mingine. Ninakataa kila mara, kwa sababu kutengeneza muhuri wa mamlaka usiyopewa ni kughushi, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaadhibu jambo hilo. Vilevile alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, haichongwi kwenye mfuko mpaka mzalishaji awe na leseni ya kuitumia.

Mfungashaji wa Mikindani aliandika:

Nawashukuru sana, mwalimu na fundi. Leo nimejaribu asetoni kwenye pembe ya raba yangu, na kweli ilinata, hivyo nimeiacha. Nimepata kipande cha soli nyeusi kwa fundi viatu, lakini juu ya soli nyeusi penseli haionekani hata kidogo.

Pia nimejiuliza jambo jingine. Bibo langu nimelichora lote jeusi, na korosho nimeichora kwa mistari midogo ya kivuli ili ionekane ya duara. Ninahofia kwamba mistari ile itakatika.

Mchongaji wa Newala alijibu:

Binti yangu, mimi ni mchongaji wa mpingo, na mpingo hatuuchorei mchoro kamili. Tunausoma mti, tezo inaondoa kilicho dhahiri, kisha patasi inafuata umbo tunaloliona ndani. Nilipoanza kuwatengenezea wajukuu mihuri ya raba nilitaka kwenda hivyo hivyo, nikashindwa, kwa kuwa kinyago unakitazama kilivyo, lakini muhuri unautazama kinyume na bado hujui chapa yake itakuwaje. Raba inadai mchoro uliokamilika kabla ya chombo kugusa.

Kukamilika kwake kuna maana hii: kila sehemu ya mchoro iwe imeamuliwa kama ni ya kubaki au ya kuondoka. Muhuri haujui kijivu. Mchoro wa penseli wenye vivuli hafifu humwachia mkono kazi ya kuamua wakati wembe uko ndani ya raba, na mkono huamua vibaya. Chukua kalamu nyeusi, jaza nyeusi kila kitakachopokea wino, acha peupe kila kitakachochimbwa, halafu itundike karatasi ukutani uitazame ukiwa umbali wa hatua tano. Kama korosho haijulikani kuwa ni korosho kutoka hapo, mistari zaidi haitaisaidia. Badilisha umbo lake.

Mistari yako ya kivuli ipunguze iwe mitatu, na kila mmoja uwe na upana wa milimita moja au zaidi. Afadhali hata uigeuze iwe mifereji myeupe ndani ya korosho nyeusi, maana mfereji mwembamba haukatiki, ila mstari mwembamba uliosimama hukatika. Bibo nalo usiliache jeusi tupu, kwa sababu eneo kubwa lililo bapa hupata wino kwa madoa, hasa juu ya kaki yenye nyuzi. Lipitishie mifereji miwili au mitatu inayofuata umbo lake kuelekea kikonyo, nalo litaonekana la duara bila kivuli chochote.

Wakati wa kunakili, chora mstari wa mpaka kwenye ukingo wa kile kinachobaki, na uweke alama ndogo ya msalaba katika kila sehemu itakayoondolewa. Nimeona watu wakichimba mstari wenyewe wa herufi D uliopaswa kubaki, na wengine wakasahau kulichimba tumbo lake likabaki doa. Alama hizo ndogo hukuokoa usiku taa inapokuwa hafifu.

Unapokata, wembe uelekee nje ya mstari, ili ukuta wa mstari uteremke kama tuta la muhogo, mwembamba juu na mpana chini. Ukikata wima, au vibaya zaidi ukakata kwa kuingia chini ya mstari, mstari huo utasimama siku ya kwanza na kulala siku ya pili. Katika mikunjo, shikilia wembe mahali pake na uzungushe raba. Kwa mifereji midogo mimi hutumia ubavu wa mwavuli uliovunjika: una umbo la mfereji tayari, nami huunoa ncha kwa tupa na kuutia mpini.

Kuhusu soli nyeusi, usihangaike na penseli. Paka uso wake rangi nyeupe ya maji, tabaka jembamba moja tu, uache ukauke kabisa, kisha nakili juu yake kwa penseli kama mwalimu alivyosema. Ukikata, weusi wa mpira utaonekana chini ya weupe, na utajua umefika wapi. Rangi hiyo itaoshwa mwishoni.

Nimefurahi kwamba unatafuta nembo yenu. Neno hilo kwa wazee wetu Wamakonde lilikuwa la chale za usoni na mwilini, na aliyeziona alijua ametazamana na mtu wa wapi. Siku hizi tunaliandika kwenye mifuko na vibao vya maduka, na kazi yake bado ni ileile. Kwa hiyo usinakili bibo la kwenye mtandao. Nenda chini ya mkorosho wenu, chukua bibo moja na korosho yake, uliweke mezani, ulichore hilo.

Mwalimu wa sanaa, Masasi alijibu:

Naunga mkono hoja ya mzee ya kujaza nyeusi kabla ya kunakili, na ninaomba dada asiruke hatua hiyo hata kama anaona mchoro wake ni rahisi. Sikubaliani naye kwa jambo moja dogo: kwa mtu anayeanza, milimita moja ni nyembamba mno kwa herufi zitakazopigwa mamia ya mara. Fanya miguu ya herufi iwe milimita moja na nusu hadi mbili, na urefu wa herufi usipungue milimita saba. Ikiwa neno halitoshi kwa ukubwa huo, chonga neno kwenye kipande chake na picha kwenye kipande kingine, kila kimoja na kibao chake. Utapata faida ya ziada, kwa sababu herufi moja ikiharibika hutalazimika kuchonga bibo upya.

Mfungashaji wa Mikindani aliandika:

Nimerudi kutoa taarifa, baada ya wiki mbili.

Nilichora bibo halisi kama mzee alivyoniagiza, na niliona kitu ambacho nilikuwa nikikichora vibaya siku zote: korosho haichomozi katikati ya bibo ikitazama chini wima, bali imejipinda upande mmoja, na mpindo huo ndio unaoipa picha uhai. Nilijaza nyeusi, nikaipeleka ukutani, nikafuta mistari yote ya kivuli isipokuwa mifereji miwili. Nilitenganisha neno na picha, vipande viwili vya soli juu ya vibao viwili, nikapaka rangi nyeupe, nikanakili kwa kusugua bila kugeuza chochote kwanza. Mbele ya kioo neno lilisomeka, na N zote mbili nilizikagua kwa kidole, mshazari ukipanda kwenda kulia.

Picha imetoka vizuri tangu chapa ya kwanza. Neno lilikuwa na tatizo: karibu na herufi A palichapika mistari midogo isiyotakiwa, nikagundua kwamba ni matuta niliyoyaacha katika sehemu za kuchimbwa. Nimeyapunguza kwa ubavu wa mwavuli, nikipiga chapa ya majaribio kila baada ya kukata, hadi yakaisha. Mifuko tunaigonga muhuri ikiwa mitupu, kwa nje, na tunaiacha usiku kucha ikauke kabla ya kutia korosho.

Wenzangu sasa wanataka muhuri wa pili wa korosho zenye chumvi, na mmoja wao, ambaye hajawahi kushika penseli tangu aache shule, ameomba auchore yeye. Nimempa karatasi angavu, penseli ya 2B na kioo changu cha kujitazamia.